Risiva Ilikuwa Nzima

Chebet,

Salamu za nini, na leo asubuhi tumekunywa chai meza moja ukiwa umenuna? Nimeketi dirishani kwenye kiti cha mama yako, penye mwanga, na ninaandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia magunia. Mvua imeshaanza kupiga mabati. Wewe umeenda kumuaga senge yako ng'ambo ya mto, na kwa vile ninavyomjua shangazi yako huyo, hatakuachilia kabla hujamaliza kibuyu kizima cha maziwa ya mursik. Kwa hiyo nina nafasi. Nikipanda juu ya mstari au nikishuka chini yake, usicheke, soma tu. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako, kwa sababu ninajua ukirudi kitu cha kwanza utakachofanya ni kulifungua na kutoa nguo tena.

Ndiyo, nilikusikia. Macho ndiyo mabaya, masikio hayana neno. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Siendi. Baba anapasuliwa jicho wiki ijayo, na mimi niko Nakuru nauza spika? Nitakuwa mtoto wa aina gani?"

Utakuwa mtoto aliyeandikwa kazi, hilo ndilo jibu langu. Mwaka jana uliikataa nafasi hiyo hiyo kwa ajili yangu, ukabaki hapa ukinishika mkono kwenye utelezi, watu wakikusifu kanisani kwamba mimi, Karani wao, nimezaa mtoto. Mimi sikusifu. Nilikubali tu kwa sababu nilikuwa ninakuhitaji. Duka limekuita tena, na hakuna duka linaloita mtu mara tatu. Kesho unapanda gari, Chebet.

Mambo ya kula vizuri, ya baridi na ya kuuangalia mkoba, mama yako atakwambia mpaka uombe maji. Mimi nitakueleza juu ya kazi yenyewe unayoiendea. Katika boma hili, hata katika lokesheni nzima, hakuna mtu aliyewahi kununua risiva kwa ujinga kunishinda mimi, kwa hiyo nisikilize.

Watu watakuja kwako waseme, "Nataka risiva ya picha safi." Watakuja hasa ule mwezi wa bonasi ya chai, viatu vimejaa matope na mfuko umejaa kiburi. Utawaeleza kwamba risiva ni kile chuma cha katikati tu, deki ya video inaingia huku, televisheni inatoka kule, spika zinafungwa nyuma. Wao hawatataka kusikia. Wataibeba kwanza kupima uzito. Usiwacheke. Mimi niliibeba. Nilienda Kericho mjini na bonasi yangu nikachagua risiva kama ninavyochagua fahali, nikatazama mwili. Niliizunguka, nikahesabu matundu ya nyuma, nikabonyeza kila kitufe nione taa ngapi zitawaka. Wewe ulikuwa umefunga shule, ulikuwa nami, ukininong'oneza, "Baba, muulize kuhusu picha," nami nikakwambia kitu chenye taa nyingi hivi kitakosaje picha.

Mwenye duka, Mwangi, aliniuliza maswali ya maana kabisa. TV yako ni ya namna gani? Deki ilinunuliwa hapa Kenya au uliletewa na mtu kutoka ng'ambo? Maana zile za Amerika zina mtindo wao wa picha, na kwa TV zetu zinaruka juu na chini bila rangi. Mnakaa mbali kiasi gani? Dirisha liko upande gani? Mimi nikaona ananidharau. Nikafikiri, huyu anataka kujua kama kweli nina TV. Nikamjibu, "Wewe nifungie mzigo." Ukiwa dukani, mwanangu, hayo maswali uyaulize, ila mpe mtu kiti kwanza, uliza habari za ng'ombe na mvua. Sisi watu wa huku ukituuliza maswali kabla ya salamu kuisha, tunadhani ni polisi.

Unakumbuka tulivyofika nayo nyumbani? Majirani walijaa mpaka mlangoni. Mama yako akaja na kile kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono tangu mwezi wa Aprili, chenye maua pembeni, akakitandaza juu ya risiva na kukinyoosha vizuri. Nusu ya sinema haijafika, chuma kikanuka kama pasi, kikajizima. Wewe ukasema kinakosa hewa, kitambaa kimeziba matundu ya juu. Mama yako akasema, "Kitu cha bei kama hicho kikae uchi mbele ya wageni?" Ilibidi tungoje kipoe huku tukiimba nyimbo za kanisa. Huko Nakuru utakutana na akina mama wa namna hiyo wengi. Waambie kitambaa kiwekwe mashine ikishazimwa na kupoa, na waambie kwa upole, maana mtu ametumia miezi kukishona.

Ikawaka tena. Hapo ndipo nilipouona ule ukungu.

Haukuwa chenga. Chenga ninazijua, tumeangalia habari kwa chenga miaka mingi na antena ikiwa imefungwa juu ya mkaratusi. Huu ulikuwa kitu kama mvuke wa sufuria, umetanda mbele ya picha nzima, na taa za magari kwenye sinema zilikuwa zinatoa nywele. Nikasema risiva ni mbovu. Wewe ukasema, "Baba, picha iko sawa." Nikakuambia nini? Nilikuambia, "Nyamaza, wewe umezoea picha mbaya."

Elewa nilikuwa nani siku hizo. Nilikuwa karani wa majani. Pale senta ya kuuzia majani chai, kabla gunia halijaguswa na mizani, lilipita kwanza mbele ya macho yangu. Majani mawili na chipukizi, basi. Mtu akificha jani gumu chini kabisa ya kikapu, mimi ninalitoa kama nimeliweka mwenyewe. Akina mama waliniogopa kwa sababu ya macho haya, na kusema kweli nilikuwa ninapenda wakiniogopa. Sasa mtu kama huyo umwambie kwamba kitu kibovu ni jicho lake? Heri risiva. Heri waya. Heri Mwangi.

Nikanunua waya mpya ya picha, ile yenye ncha ya njano, ukungu ukabaki. Nikamleta fundi wa senta, akafungua deki na kusafisha vichwa vyake kwa spiriti, na kweli alikuta kuvu kwa sababu ya unyevu wetu wa huku. Jambo hilo pia uwaambie wateja wako wanaotoka huku Kericho, kanda zao waziweke juu, mbali na sakafu. Ukungu ukabaki. Nikairudisha risiva kwa Mwangi. Alinibadilishia bila maneno, akanipa ya kampuni nyingine, mpya kabisa. Nikaja nayo, nikaiwasha. Ukungu ule ule.

Safari iliyofuata nilienda kwa hasira. Ninaiandika hapa ingawa ulikuwepo, kwa sababu hatujawahi kuizungumza mimi na wewe. Ulikuwa umebeba waya kwenye mfuko wa karatasi. Duka lilikuwa limejaa watu. Nikaweka risiva kwenye meza kwa kishindo, na Mwangi akaiunganisha na TV yake, akasema kwa utaratibu, "Mzee, hii kitu iko sawa. Angalia." Nikaangalia nikaona ukungu, na nikamwambia mbele ya watu kwamba wao wamezoea kutuibia, na kama wameshindwa na biashara ya kweli warudi kwao.

Unajua neno hilo lilikuwa na uzito gani miaka ile ya vita vya kikabila. Watu walikuwa wamefukuzwa, nyumba zilikuwa zimechomwa, na wengine walianza na neno hilo hilo. Wewe ulitazama chini. Mwangi alizima TV, akakunja waya polepole, akaniambia, "Kwetu ni hapa, mzee. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Londiani." Kisha akasema, "Jumapili nitakuja kwako niione hiyo picha." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda. Njia nzima uliukumbatia ule mfuko wa waya. Ningefurahi kama ungenigombeza.

Na alikuja! Mimi nilidhani ni maneno tu. Alikuja baada ya kanisa na kanda yake mwenyewe na waya zake. Mama yako, ambaye hakujua kilichotokea dukani, alimpokea kwa mikono miwili na kumwekea mursik. Nilimtazama akinywa na nikatamani sakafu inimeze.

Kitu alichofanya siku hiyo ndicho ninachotaka ukibebe kesho, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Hakuweka kanda ya maua wala ya samaki wa rangi kama wafanyavyo madukani. Alisema maua hata kwenye mashine mbovu ni maua. Aliweka harusi ya ndugu yake, akaenda mpaka jioni ya sherehe, watu wanaketi ndani ya hema penye giza kidogo. Akasema, "Picha nzuri utaijua kwa uso wa mtu mweusi kwenye kivuli. Ukiona mashavu, ukiona anacheka au amechoka, mashine ni nzuri. Ukiona giza lenye meno, achana nayo." Kwanza alipitisha picha kwenye risiva. Halafu akaitoa risiva njiani, akachomeka deki moja kwa moja kwenye TV, sauti peke yake ikabaki kupita kwa risiva. Akauliza kama tunaona tofauti. Wewe ulisogea, ukasema moja kwa moja ni safi zaidi kidogo, unaona mistari ya nywele za bibi harusi. Akafurahi, akakuambia una jicho la kazi hii. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, mzee?"

Nikasema, "Zote zina ukungu."

Mama yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anapangusa mikono. Akaniuliza kama ninaiona kalenda. Ile kalenda ya duka la mbolea, ilikuwa imetundikwa kando ya TV, yenye picha ya shamba la chai. Nikasema ninaiona. Akasema, "Nisomee tarehe." Nikaitazama. Nikakaza macho. Nikamwambia hata kalenda yenyewe ina ukungu, labda ni moshi wa jiko lako.

"Aii, Baba Chebet," akasema. "Na waya ya kalenda umeichomeka wapi?"

Wewe ulicheka. Kicheko kilikutoka kabla hujakizuia, na ninakuambia hakikuniudhi, wala usiendelee kukijutia. Halafu ukaziba mdomo kwa mkono na nikasikia umeanza kulia. Mimi niliendelea kuitazama kalenda. Niligeuka nikatazama dirisha, mlango, kitambaa cha mama yako. Vyote vilikuwa ndani ya mvuke ule ule, na sijui vilikuwa humo tangu lini. Kila kitu kilikuwa kinapotea polepole, na mimi nilikuwa nimeona kimoja tu, kile nilichokilipia.

Mwangi hakucheka wala hakunipa pole. Alikunja waya zake, akafungua tena, akakunja tena, ili tu awe na la kufanya. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshika mkono, nikamwambia, "Nisamehe kwa neno nililokuambia." Akasema, "Lile la risiva au lile lingine?" Nikasema lile lingine. Akasema, "Hilo nitalisahau polepole, mzee. La risiva nimeshalisahau." Ni mtu wa ukweli. Ndiye aliyekutafutia kazi kwa ndugu yake Nakuru, mara mbili, na hakulazimika hata ile ya kwanza. Ukimkuta mteja anayegonga meza na kukupigia kelele, mkumbuke Mwangi. Muulize ni nani nyumbani anayeiona picha ni mbaya. Kama ni mmoja tu, usimwuzie kitu kingine. Mwulize habari za kalenda yake.

Yaliyofuata uliyabeba wewe, na mgongo wako ulikuwa bado mdogo. Likizo zote ulikuja senta kusimama karibu na mizani. Gunia likiwa na majani magumu unakohoa. Nilikuwa ninasikia kikohozi, ninatia mkono na kusema kwa sauti kubwa, "Mama, haya rudi ukayachague upya." Ulidhani akina mama hawajui? Walijua wote! Mmoja aliniambia, "Karani, huyo mtoto mpeleke hospitali, hicho kikohozi hakiponi." Wakacheka hadi wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja aliyenisemea kwa wakubwa. Niliacha kazi mwenyewe, siku wewe ulipokuwa shuleni na mimi nikakataa majani safi ya mjane kwa sababu mvua ilikuwa imeyatia weusi machoni pangu. Alilia. Nililivua koti la kazi pale pale, nikalitundika kwenye msumari.

Ulipomaliza kidato cha nne hukuondoka. Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa ameshasema ni mtoto wa jicho, kwamba jicho linapasuliwa na huo ukungu unatoka. Mimi nikawa ninatafuta sababu. Mara kupogoa chai, mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara palizi. Mama yako aliita huo ukaidi. Wewe uliita uzee. Ilikuwa hofu, Chebet. Niliogopa kwamba wakikosea hata ule ukungu nitaupoteza, nibaki na giza tupu. Niliogopa sana, na kwa sababu niliogopa wewe ulikaa hapa na kazi ikakupita.

Kwa hiyo usiniambie habari ya kunisubiri. Nimekubali kupasuliwa kwa sababu wewe unaondoka. Ukibaki, mimi ninajijua, nitapata sababu nyingine asubuhi ya siku yenyewe, nawe utanisikiliza kwa sababu una moyo laini kama bibi yako. Mama yako hana moyo laini. Yeye na Mwangi watanipeleka na pikapu, na kama nitajaribu kushuka njiani, wamepanga nikae katikati yao. Ningependa ushike mkono wangu pale. Sitakudanganya kwamba sitakutafuta. Lakini mkono wako una kazi nyingine wiki ijayo, una waya za kuunganisha.

Na kitu kingine. Mama yako ameropoka kwamba umesema mshahara wako wa kwanza utaninunulia risiva mpya ya picha safi. Wacha kabisa. Ile tuliyo nayo ni nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, na ile tuliyoirudisha nayo ilikuwa nzima. Jinunulie viatu vya kusimama dukani.

Kama unataka kunipa zawadi, nitakuambia ninayoitaka. Jana ulipokuwa unasuka nywele pale barazani nilikaa nikijaribu kukutazama. Ninaijua sauti yako, ninaijua hatua yako kwenye changarawe, ninajua unavyopiga chafya. Lakini nimefikiri sana, na uso wako ninaoujua vizuri ni wa kidato cha pili. Una pengo la jino la pembeni na kovu la mwiba kwenye nyusi. Baada ya hapo ukungu. Watu husema umekuwa msichana mzuri, umefanana na mama yangu. Nami huitikia, "Ndiyo, ndiyo," kama mtu anayeona. Umekuwa mtu mzima katika nyumba yangu na mimi sikuona ukikua, nilisikia tu.

Kwa hiyo nenda. Krismasi ukirudi, nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki, bandeji imeshatoka. Usipige kelele kutoka barabarani kama ulivyozoea. Usiniite. Vua viatu kwenye nyasi nisikujue kwa hatua, uje usimame mlangoni penye kivuli, unyamaze. Nataka nikutambue kwa macho.

Na nikichelewa kidogo, usinisaidie. Simama tu hapo, uningoje.

Baba yako